Wanyama kwenye basi: jibu kwa msomaji aliyeshushwa njiani

"Daktari, nina paka jike wa miaka mitatu na mbwa dume wa kilo kama 25. Sina gari, na kliniki iko mbali, kwa hiyo ikifika siku ya chanjo au matibabu hatuna budi kupanda basi, na safari nyingine treni. Paka namweka kwenye kikapu, mbwa namshika kwa kamba. Juzi nilikuwa nao wote wawili. Abiria mmoja akalalamika kwamba ana aleji, mama mjamzito akahama kiti akisema paka atamdhuru mtoto aliye tumboni, mbwa naye akanguruma, jambo ambalo nyumbani hafanyi kabisa. Kondakta akaniambia nishuke. Ndugu zangu wamegawanyika: kuna wanaosema wanyama wapigwe marufuku kwenye usafiri wa umma, na kuna wanaosema nalipa nauli kwa hiyo ni haki yangu. Jirani kanishauri safari ijayo nimpe mbwa kidonge cha usingizi ninachotumia mwenyewe. Nani yuko sahihi?"

Pole kwa kushushwa njiani ukiwa na kikapu mkono mmoja na kamba mkono wa pili. Nimeelewa kwamba hasira yako imegawanyika: nusu kwa kondakta, nusu kwa mbwa aliyekuaibisha. Hapo kati kuna maswali mawili yaliyoshikamana. La kwanza ni kama wanyama ni hatari kwa abiria. La pili ni kama basi lenyewe ni mahali pazuri kwa mnyama. Watu hubishana usiku kucha juu ya la kwanza. La pili ni nadra kulisikia likiulizwa, ilhali ndilo lililomfanya mbwa wako angurume.

Msimamo wangu nautoa mapema ili usisome huku unausubiri. Wanyama waruhusiwe, ila kwa masharti, na masharti ya mbwa yawe mazito kuliko ya paka. Ndugu zako wanaodai haki kwa sababu ya nauli wamekosea: nauli imekununulia wewe nafasi, haikumlazimisha aliyekaa pembeni yako avumilie pua ya mbwa gotini. Wanaotaka marufuku nao wamesahau kwamba mtu asiye na gari hupata wanyama wagonjwa kama mwingine yeyote. Mnyama asiyefikishwa kliniki hachanjwi, na asiyechanjwa ni hatari kwa mtaa mzima kuliko angekuwa ndani ya basi kwa nusu saa.

Nianze na mama mjamzito, maana hofu yake ni halali lakini imeelekezwa pasipo. Anachoogopa ni toksoplasma, kimelea ambacho kweli kinaweza kumdhuru mtoto tumboni mama akiambukizwa kwa mara ya kwanza wakati wa ujauzito. Kimelea hiki hakirukii watu kutoka kwenye manyoya wala pumzi ya paka. Mayai yake hutoka kwenye kinyesi, tena kwa kawaida paka huyatoa kwa wiki chache tu baada ya kuambukizwa mara ya kwanza. Yakishatoka, yanahitaji siku 1 hadi 5 nje ya mwili kabla ya kuweza kumwambukiza mtu, na hata hapo lazima yamezwe. Wanadamu wengi wanaougua huupata ugonjwa kwenye nyama isiyoiva vizuri, mboga zisizooshwa na udongo. Mjamzito anashauriwa asisafishe choo cha paka, na kama hana budi, avae glavu na anawe mikono vizuri. Kukaa kiti kimoja na kikapu chenye paka hakumwambukizi. Ila sikushauri umhutubie mtu ndani ya basi. Akihama kiti, mwache ahame kwa amani.

Aleji ni habari nyingine, na hapa abiria wako ana hoja nzito. Kwanza tuache kuyasingizia manyoya. Kinachowasumbua watu ni protini: kubwa ya paka inaitwa Fel d 1, ya mbwa Can f 1. Zinatoka kwenye mate na kwenye ngozi. Paka akijilamba anajipaka protini hiyo mwili mzima. Mate yakikauka yanapukutika pamoja na chembe za ngozi ambazo jicho halizioni, na zile ndogo zaidi huelea hewani kwa saa kadhaa. Ndiyo maana kumnyoa mnyama hakuondoi tatizo, na ndiyo maana mbwa wanaouzwa kwa madai kwamba hawasababishi aleji bado huwapigisha watu chafya. Duniani kote inakadiriwa kwamba kati ya asilimia 10 na 20 ya watu wana mzio wa paka au mbwa. Kwenye basi lililojaa, hao si mmoja wala wawili.

Chembe hizi pia hunata kwenye nguo. Zimepatikana kwenye madarasa na viti vya magari ya abiria ambako hakuna paka aliyewahi kukanyaga, zikiwa zimeletwa na watu wanaofuga. Kwa hiyo marufuku hupunguza aleji garini lakini haiiondoi: mwenye paka wanne nyumbani akipanda mikono mitupu, amepanda na sehemu yao. Usiitumie hoja hii kumnyamazisha mgonjwa, maana kiasi nacho kina uzito, na mnyama aliyepo hapo hapo anaongeza kiasi. Mtu mwenye pumu akikwambia kifua kinambana, habishiwi. Wewe ndiye unayesogea, na ikibidi wewe ndiye unayeshuka.

Kwenye treni hili lina ufumbuzi mzuri, kwa sababu behewa moja linaweza kutengwa kwa wenye wanyama na mengine yakabaki bila. Basi halina behewa la pili. Kinachosaidia ni kikapu chenye pande zilizozibwa, kitambaa chepesi juu yake kisichozuia hewa, kukiweka sakafuni miguuni pako badala ya kwenye kiti, na dirisha wazi. Viti vya plastiki hufutika kwa kitambaa chenye maji. Vile vya kitambaa hutunza protini hizo kwa muda mrefu baada ya mnyama kushuka, kwa hiyo usimkalishe mnyama kitini hata kama nafasi ipo tele na kila mtu anamshangilia.

Kichaa cha mbwa hukukitaja, lakini nina hakika nusu ya basi walikuwa wanakifikiria. Na wana sababu: inakadiriwa watu 59,000 hivi hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka duniani, na karibu wote wameambukizwa na mbwa. Virusi hukaa kwenye mate na huingia kwa kung'atwa, kukwaruzwa, au mate kugusa kidonda, macho au mdomo. Haviingii kwa harufu wala kwa manyoya kugusa suruali. Mbwa mwenye chanjo ambayo haijapitwa na muda hana nafasi kubwa katika hesabu hiyo. Safiri na cheti chake cha chanjo, kiwe mfukoni na si chini ya begi. Sijaona kitu kinachotuliza ubishi wa abiria haraka kama karatasi yenye mhuri na tarehe. Na mnyama yeyote, awe wako au wa mwingine, akimng'ata mtu garini, jeraha lioshwe kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha mtu aende hospitali siku hiyo hiyo bila kusubiri kuona mbwa atakuwaje. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Kabla ya dalili, chanjo humwokoa.

Kuna pia abiria asiye na ugonjwa wowote, ila anaogopa mbwa tangu utotoni, au mate ya mbwa kwake ni najisi na yuko njiani kwenda kusali. Huyo hahitaji hoja ya kitabibu. Anahitaji umbali.

Sasa tumgeukie mbwa wako. Mbwa akiogopa, silaha yake ya kwanza ni kuondoka. Nyumbani ukimuudhi anaamka, anahamia chumba kingine, mambo yamekwisha, nawe unasema "hangurumi kabisa". Ndani ya basi amefungwa kamba, nyuma kuna ukuta, mbele kuna miguu ya watu. Mlango wa kuondokea haupo. Ongeza sakafu inayotetemeka na kuteleza chini ya kucha. Ongeza breki: sisi husikia sauti hadi kama hezi 20,000 (hezi ni kipimo cha wembamba wa sauti), mbwa hadi 45,000 hivi, na paka hadi 64,000 hivi, kwa hiyo katika mlio wa chuma kwa chuma kuna sehemu ambayo wewe huisikii na yeye inampiga sikioni. Kisha mtu asiyemjua anamwinamia kutoka juu akitaka kumpapasa kichwani.

Hofu hizi hujumlishana. Homoni za mfadhaiko zikishapanda huchukua saa nyingi kushuka, na kila kitisho kipya hupandia juu ya kile kilichotangulia, kama maziwa jikoni yanayofura taratibu ukiwa umegeuka. Mtu aliyemkanyaga mkia akapokea mngurumo pengine alikuwa wa mwisho katika mfululizo, wala si mwovu kuliko wenzake.

Kabla ya kunguruma mbwa huwa ameshasema kwa njia nyingine, ila kwa sauti ya chini. Mtazame usoni safari ijayo. Atapiga miayo bila kuwa na usingizi. Ulimi utatoka kulamba pua wakati hakuna chakula. Kichwa atakigeuzia pembeni huku macho yamebaki kwa mtu, mpaka uone weupe wa jicho ukichora mwezi mwembamba kwenye kona. Mwisho mwili unakakamaa, mdomo uliokuwa wazi akihema unafungwa ghafla. Ukiona mdomo umefungwa hivyo, umebaki na sekunde chache. Msogeze, simama kati yake na yule mtu, au shuka. Na tafadhali usimpige kwa sababu alinguruma. Mngurumo ni onyo, na mbwa aliyefunzwa kwa kipigo kunyamaza hufika kwenye meno bila kuonya.

Hapo ndipo kifungio cha mdomo kinapoingia, na hapa nina ugomvi na maduka. Vile vya kitambaa vinavyoubana mdomo ukafungwa kabisa ni vya dakika chache mezani kwa daktari tu. Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi. Hujipoza kwa kuhema, mdomo wazi, ulimi nje, maji yakikauka kwenye ulimi na njia ya hewa. Mzibie mdomo ndani ya gari lenye joto na umemzimia mfumo wake wa kupoza mwili. Joto lake la kawaida ni nyuzi 38 na kitu hadi 39. Likipita 41 viungo vya ndani huanza kuharibika. Na katika gari lililojaa, hewa yenye unyevu wa pumzi za watu hupunguza nguvu ya kuhema hata akiwa mdomo wazi. Nunua kile cha umbo la kikapu, cha plastiki, mpira au waya, kinachomruhusu kufungua mdomo, kuhema na kunywa maji. Mzoeshe nyumbani kwa siku nyingi kabla ya safari, kwa kumwekea kitu kitamu ndani aingize pua mwenyewe. Mbwa wa uso bapa, kama bulldog na pug, mimi siwashauri kabisa kupanda gari lililojaa wakati wa joto, kwa kifungio au bila.

Kidonge cha jirani usimpe. Hili nalisema bila kuzunguka. Baadhi ya dawa za usingizi za binadamu humfanya mbwa ahangaike na kuchanganyikiwa badala ya kulala, na dozi yake haipatikani kwa kukata nusu. Hata miongoni mwa dawa zetu za mifugo kuna mtego: asepromazini, iliyotumika miaka mingi kwa safari, humlegeza mnyama bila kumwondolea hofu ipasavyo. Kwa nje anaonekana ametulia, kwa ndani anaogopa vilevile ila miguu haimtii. Tena hushusha shinikizo la damu na kuvuruga udhibiti wa joto la mwili. Siku hizi zipo dawa bora. Gabapentini hutumika sana kwa paka wanaohangaika safarini, na maropitanti huzuia kutapika. Zote mbili hutolewa baada ya mnyama kupimwa na kupimwa uzito, na dozi ya kwanza ijaribiwe siku ya kawaida nyumbani. Usikimbilie dawa za maji za binadamu ukidhani ni zilezile, kwa kuwa nyingine zina zailitoli, sukari ambayo kwa mbwa ni sumu. Na paracetamol usimpe paka hata chembe, kwa sababu yoyote ile.

Paka wako ana kazi nyepesi. Kikapu kisiwe kitu kinachoonekana siku ya sindano tu. Kiache wazi nyumbani mwaka mzima, alale humo, ale humo. Njiani kifunike na kibebe kwa kukikumbatia kutoka chini, kisining'inie na kupigapiga paja lako. Usimpe chakula saa chache kabla ya safari, maji mwachie. Na usimtoe kikapuni hata watoto wakiomba kumwona. Paka aliyeogopa akiponyoka kwenye kituo cha treni hupotea kwa namna ambayo mbwa hapotei.

Uliuliza kuhusu marufuku. Miji mikubwa iliyolijaribu jambo hili kwa miaka mingi haijakubaliana, lakini mkondo mmoja unaonekana. London huruhusu mbwa kwenye treni za chini ya ardhi bila nauli, akiwa na kamba au ndani ya kikapu, ila kwenye ngazi za umeme abebwe, kwa sababu vidole vyake hunaswa pale ngazi zinapoingia sakafuni. Vienna hutaka kamba na kifungio cha mdomo. Ujerumani, kwenye treni za masafa, mbwa mdogo aliye ndani ya kikapu husafiri bure, na mkubwa hukatiwa tiketi na kuvishwa kifungio. Japani, kampuni za reli hupokea wanyama wadogo ndani ya kasha, uzito wote usizidi kilo 10. New York hutaka mnyama awe ndani ya chombo na asiwaudhi abiria. Kwa kuwa kanuni haikutaja ukubwa wa mnyama, watu wamebuni mifuko ya kubebea mbwa wakubwa begani, na picha zao huchekesha kila mwaka. Na Istanbul mwaka 2021 kulikuwa na mbwa aitwaye Boji aliyepanda tramu, treni na vivuko peke yake kila siku, hadi uongozi wa jiji ukamfunga kifaa cha kufuatilia safari zake. Alikaa kwa adabu kuliko abiria wengi. Huyo, bila shaka, alikuwa amechagua mwenyewe kupanda, na mahali pa kushuka alichagua mwenyewe.

Mbwa waongozaji wa wasioona na wale waliofunzwa kumsaidia mwenye ulemavu hawamo katika mjadala huu. Marekani ina sheria ya kuwalinda tangu 1990, na Uingereza inawalinda katika sheria yake ya usawa ya 2010. Mbwa wa aina hiyo ni sawa na fimbo au kiti cha magurudumu, na amefunzwa muda mrefu kulala chini ya kiti bila kumgusa mtu. Usimvishe mbwa wako koti la bandia ili apite. Mbwa asiyefunzwa akifanya fujo ndani ya koti lile, atakayekataliwa kesho yake ni mtu asiyeona.

Kwa hali yako, usisafiri nao wote wawili kwa mara moja. Mikono yako haitoshi. Paka aendelee kupanda, hana tatizo. Mbwa mpumzishe safari kwa wiki kadhaa. Mpeleke kituoni bila kupanda, mkae mbali, mpe kitu kitamu basi linapopita, mrudi. Akishalegea mwili mbele ya basi, ndipo mpande kituo kimoja, saa ambazo gari halijajaa, mkae nyuma kabisa au kwenye kona, yeye upande wa ukuta na wewe upande wa watu. Waambie kondakta na dereva kabla ya kupanda, si baada. Wakikataa, subiri jingine. Inaudhi, lakini chombo ni chao na kanuni mara nyingi huwaachia wao uamuzi. Kuna mbwa ambao hata baada ya yote haya hawatazoea, na kwa hao jibu la kweli ni gari la kukodi au daktari kuja nyumbani.

Usisubiri mazoezi bali mlete aonekane ikiwa alishajaribu kung'ata, hata kama meno hayakupenya ngozi. Fanya vivyo hivyo ikiwa mngurumo umeanza ghafla kwa mbwa aliyekuwa akisafiri vizuri, kwa maana maumivu ya sikio, jino au kiungo hufanya hivyo, na hakuna mazoezi yatakayoyaondoa. Akitoka kwenye gari anahema bila kupoa, fizi zimekuwa nyekundu sana au zimepauka, anayumba au anatapika, hiyo ni dharura: mloweshe kwa maji ya kawaida ya baridi, mpepee, na nenda kliniki iliyo karibu zaidi, si ile uliyozoea. Kwa chanjo za kawaida, pigia simu mapokezi kabla, waeleze kwamba mbwa anaogopa na unakuja kwa basi. Omba miadi ya saa ambayo si ya watu kwenda wala kutoka kazini, na uulize kama daktari anaweza kufika nyumbani awachanje wote wawili kwa siku moja.